Kwale wa Kijivu na Dawa ya Magugu

Kwale wa kijivu wa Uingereza ni ndugu wa mbali wa kwale wanaokimbia majanini katika Kenya. Si ndege wa msituni, bali wa mashamba ya ngano na shayiri. Kabla ya vita vya 1914 wawindaji waliwapiga kwa marisau karibu milioni mbili kila mwaka, wala hawakwisha. Lakini tangu 1967 wamepungua kwa zaidi ya 90 katika kila mia, ingawa bunduki nyingi zimewaacha. Basi ni nini kilichowamaliza?

Bwana Dick Potts alianza kulichunguza jambo hili huko Sussex mwaka 1968. Kwale jike hutaga mayai 15 hivi katika majani marefu kando ya ua wa shamba, akayaatamia kwa siku 25. Vifaranga huondoka kiotani upesi, wakiongozwa na mama na baba pia, kwa maana kwale dume hawatupi watoto wake. Lakini majuma mawili ya kwanza mbegu haziwafai. Sharti wapate wadudu, na wadudu hao huishi katika magugu yaotayo chini ya ngano. Baada ya 1950 wakulima walipoanza kunyunyiza dawa ya magugu, chakula cha vifaranga kilitoweka. Zamani vifaranga 45 katika kila mia waliweza kukua. Sasa wakawa chini ya 30. Na nyua nyingi ziling'olewa, zikatoweka pamoja na mahali pa kutagia.

Mkulima mwenye deni na jamaa ya kulisha hawezi kuambiwa aitupe dawa yake. Lakini anaweza kuacha ukingo wa shamba, upana wa mita sita hivi, bila kuunyunyizia. Hata hivyo ukingo hauzai sana. Mbweha na kunguru nao hupunguzwa wakati wa kutaga. Katika uwanda wa Salisbury jambo hilo lilijaribiwa kati ya 1985 na 1990, na jozi za kwale zikazidi mara mbili katika miaka mitatu.

Bunduki nayo ina sheria yake. Baada ya mavuno kwale huhesabiwa, na wakiwa chini ya 20 katika hekta 100 hawapigwi. Taabu ni kwamba kwale wenye miguu myekundu, wanaofugwa na kuachiliwa kwa ajili ya wawindaji, huruka pamoja nao. Kwa hiyo wafukuza ndege hupiga filimbi kila wawaonapo wale wa kijivu, na mwindaji mwangalifu huishusha bunduki yake.