Zaha na Moto: Tofauti ya Jotoridi na Wingi wa Joto

Imani iliyoenea kwamba zaha, yaani mwamba ulioyeyuka ambao wengi huuita lava, ni lazima iwe kali kuliko moto wowote wa binadamu kwa kuwa hutoka tumboni mwa dunia, haithibitiki inapofikishwa mbele ya kipimajoto. Zaha nyingi zenye silika hutoka ardhini zikiwa na jotoridi, ambalo ni kiwango cha ukali wa joto katika kitu, la kati ya nyuzi 700 na 1,200 za Selsiasi. Mwali wa mshumaa, katika sehemu yake iliyo kali kuliko zote, huweza kufikia nyuzi 1,400, na mwali wa asetilini na oksijeni anaoutumia mchomeleaji vyuma hupita 3,000, kiwango ambacho hakuna volkeno duniani inayokikaribia.

Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Natron. Ol Doinyo Lengai ndiyo volkeno hai pekee inayojulikana kutoa zaha ya kaboneti, ambayo badala ya silika imejaa chumvi za sodiamu, kalisi na potasiamu, jamii moja na magadi yanayotumika jikoni, na kwa kuwa chumvi hizo huyeyuka kwa urahisi kuliko mawe ya kawaida, zaha hiyo hutiririka kwa nyuzi kati ya 500 na 600 tu. Moto wa kuni unaowaka vizuri huishinda kwa mbali. Mchana haing'ai, bali huonekana nyeusi au ya kahawia mithili ya tope, na wekundu wake hafifu hudhihirika usiku. Ikishapoa na kupata unyevu wa hewa, hugeuka nyeupe. Mojawapo ya madini yake makuu huitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Kwa upande wa moto, Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, ina mfano usiopaswa kupuuzwa. Peter Schmidt na Donald Avery, katika makala yao ya mwaka 1978 kuhusu ufuaji wa kale wa chuma katika eneo hilo, walieleza kuwa tanuri la mkaa lililopulizwa kwa mivukuto liliweza kupita nyuzi 1,800. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu namna hewa ilivyopashwa joto kabla ya kuingia tanurini, lakini hata ubishi huo ukiachwa kando, wahunzi hao walikuwa na moto uliozidi zaha ya volkeno yoyote iliyo hai leo.

Kwa nini, basi, zaha huangamiza mji ambao moto wa nyumba moja usingeuangamiza? Jibu limo katika wingi wa joto, ambao hautegemei jotoridi peke yake, bali pia uzito wa kitu kilichobeba joto hilo. Mwali ni gesi, na lita moja ya gesi yenye nyuzi 1,000 haifikii hata nusu gramu, ilhali lita moja ya zaha ya basalti, ambayo ni mwamba mweusi mzito, hukaribia kilo mbili na nusu. Kwa hiyo, katika jotoridi lilelile na ujazo uleule, zaha hubeba joto maelfu ya mara zaidi. Juu ya hayo, gamba linaloganda juu yake huuzuia moyo wake usipoe, na ndivyo zaha ya volkeno ya Nyiragongo ilivyoweza, mwezi Januari 2002, kupita katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu.

Tofauti hiyo huamua hata namna ya kujikinga. Moto hufa ukinyimwa hewa au kuni, lakini zaha haihitaji kimojawapo, kwa sababu haiungui, bali hupoa tu. Mwaka 1973, katika kisiwa cha Heimaey nchini Iceland, watu waliimwagia zaha maji ya bahari kwa miezi kadhaa, si kwa ajili ya kuizima, bali kuigandisha sehemu ya mbele ili iwe kizuizi kwa ile inayofuata, na bandari yao ikasalimika.