PAA LA SOKO NA FUNZO LA MTI

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Gerezani, Dar es Salaam)



Atokaye Gerezani kwenda Kariakoo hana budi kuinua macho alitazame paa la soko kuu. Jengo hilo lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, na Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Paa lake ni safu ya miavuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake. Tangu kale wakulima wetu wameuziana mazao chini ya mti, na miavuli hiyo ilibuniwa ifanye kazi ya mti: kutoa kivuli, kuacha upepo upite, na kukinga mvua na kuiteremsha kwa nguzo hadi kwenye matangi ya chini. Moto wa usiku wa Julai 10, 2021 uliliunguza soko, lakini funzo lake halikuungua.

Upande wa pili wa Kariakoo liko bonde la Jangwani, upitapo mto Msimbazi. Bonde ni malazi ya mto wakati wa mafuriko. Nyasi na udongo wake hunywa maji yaliyozidi. Binadamu akijenga humo, mto haukubali kuhama. Mwezi Desemba 2011 maji yalifurika, watu wasiopungua 40 wakafariki jijini, na kaya nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Je, haya yanavihusu vyama vya ushirika? Yanavihusu sana. Chama kisakafiapo uwanja wote kwa saruji huyanyima maji pa kuingilia. Nayo hutafuta njia ya kwenda ghalani. Gunia likilowa, hasara si ya katibu peke yake, ni ya kila mwenye hisa.

Basi kila kamati na ifanye hesabu hii. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Ghala lenye paa la mita za mraba 200, likinyeshewa milimita 10 tu, hutoa lita 2,000, ukiondoa kidogo kinachopotea njiani. Maji hayo yafaa kuoshea sakafu na kumwagilia miche, na fedha ya ankara ibaki katika mfuko wa chama.

Kadhalika msituni hakuna jaa: jani lianguka, laoza, larutubisha mti ule ule. Maganda na majani ya sokoni yakitengwa na plastiki huwa mboji kwa mkulima. Yakitupwa mtaroni huziba njia ya maji.

Kwa hiyo, kabla ya masika, mkutano wa kila chama ukague mambo manne: mifereji ya paa, tangi, mtaro, na sehemu ya uwanja iliyoachwa udongo na miti. Matokeo yaandikwe katika muhtasari, na aliyepewa kazi atajwe jina. Azimio lisilo na mtendaji ni wino uliopotea.

Ushirika ni nguvu.