Kupima Damu: Kwa Nini Majibu Hayalingani?

Ninyi mlio pamoja na walimu wenu, fungueni madaftari. Ninyi mnaosikiliza nyumbani, tafuteni kalamu na karatasi, maana leo tutaandika namba.

Somo letu ni kipimo cha damu kwa mtu mwenye kisukari. Ugonjwa huu mtu huishi nao miaka mingi, na hapana budi apimwe mara kwa mara. Taabu inayowasumbua wengi ni hii: majibu hayalingani. Leo juu, kesho chini. Mgonjwa hujiuliza, "Nishike lipi?"

Tuseme kuna mama mmoja muuza maembe. Ana kisukari, naye hujidunga insulini asubuhi na jioni. Nyumbani anayo mashine ndogo ya kupimia sukari. Alfajiri, kabla ya kula, mashine inaonyesha 6.8. Jioni, akiwa ametoka kumenya maembe, anapima tena. Mashine inaonyesha 14.9. Mama anashtuka, anataka kuongeza dawa mara mbili. Mzee jirani anamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu. Umenawa mikono?"

"Sijanawa, baba."

Ananawa kwa maji na sabuni, anakausha vidole, anapima tena. Mashine inaonyesha 8.9.

Ndugu wasikilizaji, itazameni hatari hiyo. Kama angeongeza insulini kwa sababu ya ile 14.9, sukari yake ingeweza kushuka mno usiku. Sukari ikishuka mno, mtu hutetemeka, hutokwa na jasho, huchanganyikiwa. Aweza kuzimia, hata kufa. Na ile namba haikuwa ya damu peke yake. Ilikuwa ya damu na embe.

Haya basi, tuzitazame sababu moja moja.

Sababu ya kwanza ni wakati. Sukari ya damu haitulii mahali pamoja. Hupanda ukila ugali, wali au chai yenye sukari. Mara nyingi hushuka ukilima au ukitembea mwendo mrefu. Kwa hiyo usilinganishe namba ya kabla ya kula na namba ya baada ya kula. Linganisha asubuhi na asubuhi, jioni na jioni.

Sababu ya pili ni mikono. Utamu wa tunda ukibaki kidoleni, namba hupanda. Kufuta kwa spiriti peke yake hakutoshi. Nawa kwa maji. Kisha kausha vizuri, kwa sababu maji yakichanganyika na damu, namba yaweza kushuka.

Sababu ya tatu ni kile kipande chembamba kinachotiwa tone la damu, ambacho wengi hukiita stripu. Stripu huharibiwa na joto na unyevu. Zikae katika kichupa chake, kifuniko kimefungwa barabara, mbali na jua na jiko. Tena soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kichupa. Ikiwa imepita, usizitumie.

Sababu ya nne ni mashine yenyewe. Mashine ya nyumbani hukisia kwa karibu tu. Maabara wakipata 10, mashine nzuri yaweza kuonyesha 8.5 au 11.5, na bado ikahesabiwa kuwa nzuri. Basi ukipata 9 hapa na 10 pale, usihangaike. Lakini tofauti ikiwa kubwa kila mara, ichukue mashine yako uende nayo kliniki, wailinganishe na kipimo chao.

Sababu ya tano ni mwili. Homa, kidonda kilichooza, hata hofu na kukosa usingizi, vyaweza kupandisha sukari ingawa hukula kitu kipya.

Sasa, tufanye nini? Tuandike. Namba peke yake ni kama shahidi asiyeeleza alikuwa wapi. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni:

Jumatatu, saa 12 asubuhi, kabla ya kula: 6.8.
Jumatatu, saa 1 jioni, mikono haikunawiwa: 14.9.
Jumatatu, saa 1 na dakika 5 jioni, mikono imenawiwa: 8.9.

Mistari mitatu tu, lakini daktari akiisoma ataelewa yote. Mwaka jana labda hukuweza kuandika mistari hiyo. Leo waweza. Andika pia dawa uliyotumia, na kama ulikuwa na homa. Daktari hutazama mwendo wa namba nyingi. Kwa hiyo usiongeze dawa wala usiiache kwa sababu ya namba moja. Fuata maagizo uliyopewa kliniki.

Hospitali wanacho pia kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Ni kipimo kizuri, lakini nacho chaweza kupotoka kwa mtu mwenye upungufu wa damu au selimundu, au aliyeongezewa damu karibuni. Mambo hayo mweleze daktari mapema.

Mwisho, sikilizeni sana. Dalili za hatari hazingojei daftari. Namba ikiwa chini ya 4, au ukitetemeka na kutokwa na jasho, kunywa mara moja maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari. Pima tena baada ya dakika 15. Kama bado iko chini, kunywa tena. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali upesi. Kadhalika, mwenye sukari ya juu anayetapika, anayepumua kwa haraka au mwenye kiu isiyokatika, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini yule mama alipata 14.9, kisha 8.9?
2. Stripu zatunzwa namna gani?
3. Andika mistari miwili ya daftari la mgonjwa: siku, saa, chakula na namba.