Tumtayarishe Mtoto, Si Mizigo Tu

Desemba ikikaribia, wengi wetu tunawaza safari ya nyumbani. Tunahesabu nauli, tunanunua sukari ya kumpelekea nyanya, tunafunga magunia kwa kamba. Na mtoto je? Yeye tunamwamsha tu alfajiri na kumwambia, "Vaa viatu, twende."

Sisi tunaofanya kazi ya jamii tulijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka mmoja tulikuwa katika basi kutoka Nairobi kwenda Kisumu. Pale Nakuru abiria waliteremka kununua chakula. Basi lilipoanza kuondoka, mama mmoja akapiga kelele: mtoto wake wa miaka mitano hayumo! Tulitafuta karibu saa nzima. Tulimkuta akilia kando ya muuza mahindi, amezungukwa na watu. Mama yako ni nani? "Mama." Unatoka wapi? "Kwetu." Unaenda wapi? Hakujua. Mtoto yule hakuwa mjinga. Ni vile hakuna aliyekuwa amemwambia. Nasi tulitazamana, kwa sababu hata watoto wetu wasingejibu vizuri zaidi.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, wiki moja kabla ya safari, tumfundishe majina kamili ya mzazi, mtaa tunaokaa na mahali tunakoenda. Tumwimbishe wakati wa kuoga mpaka ashike. Aliye mkubwa ajue na nambari ya simu. Asiyejua kusema, tumshonee karatasi yenye nambari ndani ya nguo. Jina lake lisiandikwe kwa nje, maana mtu mbaya atalisoma na kumwita kama anayemjua. Tumwambie pia: ukipotea, simama hapo hapo, uite kwa sauti, na umwendee mama mwenye watoto au askari. Na sisi wazazi tukumbuke nambari 116, ambayo hupokea simu kuhusu watoto bila malipo.

Pili, tumweleze njia. Nairobi hadi Kisumu ni kama kilomita 350. Mtoto hajui kilomita, lakini majina anayashika: Naivasha, Nakuru, baridi ya Mau Summit, majani chai ya Kericho, halafu joto la Kisumu. Akijua kwamba Kericho bado, hatauliza kila dakika kama tumefika. Sweta yake iwe mkononi, si juu kwenye keria.

Tatu, kila mtoto awe na kiti chake na mshipi wake. Tunapompakata ili kuokoa nauli, gari likipiga breki kwa ghafula mikono yetu haiwezi kumzuia. Ale chakula chepesi kabla ya kuondoka, si mafuta mengi. Anayetapika akae karibu na dirisha, atazame mbali mbele, na tubebe mkebe wenye kifuniko na maji yaliyochemshwa.

Nne, tukumbuke malaria. Mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga kama ya binamu zake wa kando ya ziwa. Tubebe neti, na alale ndani yake kila usiku. Malaria haionekani siku ile ya kuumwa na mbu. Huchukua siku saba au zaidi. Kwa hivyo, homa ikimshika hata baada ya kurudi Nairobi, tumpeleke kliniki siku hiyo hiyo na tumwambie daktari alikotoka, ili apimwe damu.

Mtoto yule wa Nakuru alifundishwa jina la mama yake ndani ya basi. Alilirudia mpaka Kisumu, abiria wote tukalijua. Lakini alifundishwa baada ya kupotea. Wetu tuanze kuwafundisha jioni hii, wakati wa chakula.