Picha Ukutani, Sauti Ukumbini: Kuunganisha Kompyuta na Projekta katika Mikutano ya Maoni ya Umma

Mazungumzo kwa wasimamizi wa wadi, makarani wa mikutano na wananchi



Mkutano wa maoni kuhusu bajeti umeitwa saa nne asubuhi. Mama amefunga kibanda chake cha mboga, mzee amelipa nauli ya bodaboda, na kijana ameomba ruhusa kazini. Saa nne na nusu ukuta bado ni mtupu. Afisa anachomeka waya huku na kule, na projekta inaonyesha maandishi ya kusema haipati ishara. Mwishowe takwimu zinasomwa harakaharaka, na watu wanaombwa watoe maoni kuhusu jedwali ambalo hawakuliona.

Hilo si jambo dogo. Katiba ya mwaka 2010 inataja ushirikishaji wa wananchi katika Kifungu cha 10 miongoni mwa maadili ya kitaifa, na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tena makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30. Siku ikipotea, si rahisi kuipata nyingine.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kazi huanza siku moja kabla ya mkutano, na huanza kwa kutazama matundu ya vyombo vyote viwili. Tundu la VGA ni la zamani zaidi: lina safu tatu za vitundu, 15 kwa jumla, na mara nyingi ni la rangi ya buluu. Hilo hupitisha picha peke yake. Tundu la HDMI ni jembamba, na waya wake hubeba picha na sauti kwa pamoja. Kompyuta nyingi mpya hazina VGA, ilhali projekta nyingi za zamani hazina HDMI. Hapo huhitajika adapta, na adapta ina upande wake: ile ya kutoa HDMI kwenye kompyuta na kuingiza VGA kwenye projekta haifanyi kazi ikigeuzwa. Kompyuta yenye tundu la USB-C nayo ijaribiwe mapema, kwa kuwa si kila tundu la aina hiyo hutoa picha.

Siku ya mkutano, utaratibu ni huu. Kwanza, waya huunganishwa pande zote mbili na kukazwa. Pili, projekta huwashwa na kuachwa taa yake ipate nguvu. Tatu, kompyuta huwashwa. Nne, kwenye projekta au rimoti yake hubonyezwa kitufe kilichoandikwa "Source" au "Input", mpaka lichaguliwe tundu lile lile lililochomekwa waya. Maandishi ya kukosa ishara mara nyingi hutokana na hatua hii kusahauliwa.

Picha isipotokea bado, kwenye kompyuta ya Windows mtu hushikilia kitufe chenye nembo ya Windows na kubonyeza P. Hutokea chaguo nne: kioo cha kompyuta pekee, picha ile ile pande zote mbili, kioo kilichopanuliwa, au projekta pekee. Kwa mkutano wa wananchi, chaguo la pili ndilo rahisi, kwa sababu msemaji huona kile kile ambacho watu wanakiona. Ikishindikana, hubadilishwa waya kwanza kabla ya kulaumu mtambo.

Sauti nayo ina vituko vyake. Waya wa HDMI ukiunganishwa, kompyuta huweza kupeleka sauti kwenye projekta, ambayo spika yake ni ndogo na haitoshi ukumbi. Wengine hudhani video imeharibika. Dawa ni kubofya alama ya spika iliyo chini ya kioo na kuchagua spika za kompyuta, kisha kutoa waya kwenye tundu la vichwa vya sauti hadi kwenye mixa ya vipaza sauti. Sauti ianze chini, ipandishwe polepole. Mvumo ukisikika, chaja ya kompyuta ichomolewe kwa muda; mvumo ukikoma, basi ulipitia kwenye umeme, na kompyuta inaweza kuendelea kwa betri. Pini ya ardhi ya plagi isikatwe kamwe, kwani hiyo ndiyo kinga ya mtu asipigwe na umeme.

Ukumbi uangaliwe pia. Jua likiingia dirishani, picha hufifia, kwa hiyo ukuta wa kuonyeshea uwe mbali na dirisha na mapazia yafungwe. Hata hivyo mkalimani wa lugha ya ishara asiachwe gizani. Kifungu cha 54 cha Katiba kinalinda haki ya watu wenye ulemavu kutumia lugha hiyo, na mikono isiyoonekana haisemi kitu. Kabla watu hawajafika, mtu mmoja aketi kiti cha nyuma kabisa. Asipoweza kusoma tarakimu za jedwali, maandishi yakuzwe na jedwali ligawanywe mara mbili.

Panapotumika jenereta, iachwe ingurume sawasawa kabla ya vyombo kuchomekwa. Mkutano ukiisha, projekta ya taa izimwe kwa kitufe chake na feni iachwe imalize kupoza taa, ndipo plagi ichomolewe. Kuichomoa ghafla hufupisha maisha ya taa, na taa hununuliwa kwa fedha za umma.

Mwisho, umeme unaweza kupotea hata kwa aliyejiandaa. Nakala ya hati iwe kwenye flashi, na kurasa zenye takwimu kuu zichapishwe kwa Kiswahili na kugawiwa mlangoni. Mwananchi naye asione haya kuinua mkono na kusema haoni au hasikii. Akinyamaza, kumbukumbu za mkutano zitaandika kwamba alihudhuria, lakini kiasi kilichotengewa zahanati ya kijiji chake kitakuwa kimempita.