Kuchaguliwa kwa Mkuu wa Polisi na Mambo Yawapasayo Wenye Bunduki

(Maneno yaliyosemwa mbele ya masheha, walimu na wazee wa Ng'ambo, Unguja)



Kila mara jina la Mkuu mpya wa Polisi litangazwapo, watu wengi huulizana juu ya kwao, umri wake, na kazi alizozifanya zamani. Lakini mtu mwenye bunduki nyumbani mwake huwaza jambo jingine. Hujiuliza, "Je, hati yangu iliyotolewa zamani za yule aliyeondoka ingali na nguvu?" Swali hili si la upuuzi, na jibu lake ni fupi. Hati ya bunduki hutolewa na sheria kwa mkono wa afisa. Afisa haitoi mfukoni mwake kama zawadi. Basi aondokapo huyu na kuingia yule, hati haifi, wala haipati umri zaidi ya ule ulioandikwa juu yake.

Ningeweza kunyamaza hapo, nanyi mkaenda zenu. Lakini sisi watu wa Ng'ambo tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini kuliko wengine, kwa kuwa hapa petu lilitokea kwa mifano ya kuogofya, na wazee waliokuwapo wangali wanakumbuka.

Unguja ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, haikuwa na jeshi lake. Polisi ndio waliokuwa ngao ya pekee ya Serikali, na mkuu wao alikuwa bado Mwingereza, Bwana J. M. Sullivan. Askari wengi walikuwa watu wa Bara, waliofundishwa kazi hiyo miaka mingi. Serikali mpya iliwaonea shaka ikaanza kuwaondoa kazini, na baadhi yao wakabaki hapa mjini bila mshahara na bila nauli ya kurudi kwao. Nionavyo mimi, hapana kosa lililokuwa kubwa kuliko hilo. Mtu uliyemfundisha kutumia bunduki, akajua ghala ilipo na zamu hubadilishwa saa ngapi, kisha ukamfukuza akae barazani na uchungu wake, umemwacha na siri yako.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 12 Januari 1964, ghala za silaha za polisi za Ziwani na Mtoni zilishambuliwa. Walioshambulia walikuwa na mapanga, mikuki, pinde na marungu. Bunduki zao zilikuwa chache mno. Kulipopambazuka, walikuwa nazo kwa mamia. Kituo cha Malindi kilishikilia kwa muda, kisha Bwana Sullivan na askari waliokuwa pamoja naye wakaondoka kwa njia ya bahari. Siku zilizofuata watu wengi waliuawa, na wengi wao walikuwa Waarabu. Hesabu yao haijakubaliwa na wote mpaka leo.

Sasa nawaomba mfikiri juu ya zile bunduki zenyewe. Bunduki ya ghalani ina nambari yake, na askari aichukuaye huandikwa daftarini, akairudisha na risasi zake zikahesabiwa. Katika usiku mmoja daftari lilikuwa karatasi tupu. Bunduki ile ile iliyokuwa mali ya watu wote ikawa mali ya yule aliyeishika. Kijana aliyekuwa hamali juzi alipita Raha Leo na bunduki begani, na hakuna aliyethubutu kumwuliza hati. Kutoka Raha Leo pale pale, sauti ya John Okello, mtu wa Uganda aliyejiita Jemadari Mkuu, ilikuwa ikitoa amri katika redio, amri ambazo hata wale waliokuwa upande wake walizisikia kwa hofu.

Basi Serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume ilijikuta katika shida ya ajabu. Ilikuwa na nchi, lakini bunduki zilikuwa mikononi mwa watu waliomtii mtu, si cheo. Polisi kutoka Tanganyika waliletwa mwezi ule ule wasaidie kuleta utulivu. Hapo ndipo lilipokuja jambo la kumchagua Mkuu wa Polisi. Hakuchaguliwa mtu aliyepiga kelele nyingi, wala aliyejivika nyota nyingi. Alichaguliwa Edington Kisasi, mtu wa Kilimanjaro, aliyekuwa afisa wa polisi tangu zamani za Waingereza, akawa Kamishna, na tena mjumbe wa Baraza la Mapinduzi.

Yaweza kuulizwa, kwa nini yeye? Kwa rai yangu, uteuzi ule ulikuwa na akili nyingi. Alijua kazi, yaani alijua daftari ni nini. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa Bara, wale askari wa Bara waliotupwa nje ya kazi hawakuweza kumwona kuwa mgeni. Mtu hukubali kurudisha bunduki kwa mkono anaoujua. Mkono asioujua huuficha.

Na wenye bunduki je, yaliwapata yapi? Wengine waliandikwa katika jeshi jipya, wakawa na bunduki kwa nambari na kwa amri. Wengine walitakiwa wazitoe. Mwezi wa Machi 1964 Okello, aliyekuwa amekwenda Bara, alikataliwa kuingia tena Unguja, na wafuasi wake wakanyang'anywa silaha. Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka upesi: bunduki iliyokuwa fahari katika Januari ilikuwa hatari kwa mwenyewe katika Machi.

Ulipofanyika Muungano tarehe 26 Aprili 1964, polisi iliwekwa kuwa jambo la Muungano. Kwa sababu hiyo Mkuu wa Jeshi la Polisi, yaani Inspekta Jenerali, huteuliwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano, na hapa Zanzibar yupo Kamishna chini yake. Sisi hatupigi kura katika jambo hili. Wako wasemao kwamba ingefaa wananchi wawe na neno. Ni hoja yenye haki ya kusikilizwa, ila mimi leo nasema juu ya bunduki tu.

Mwaka 2016, zamani za Inspekta Jenerali Ernest Mangu, ilitolewa amri kwamba wenye silaha wazipeleke zikahakikiwe. Rais John Magufuli mwenyewe alihakiki zake, jambo lililowanyamazisha wakubwa waliodhani amri ni ya wadogo. Mei 2017 Bwana Mangu aliondoka akaja Simon Sirro, na Julai 2022 akateuliwa Camillus Wambura. Aliyehakikiwa mwaka ule hakuambiwa aanze upya kwa sababu jina la mkuu limebadilika. Wala aliyejificha hakupata salama kwa kuwa mkuu aliyetoa amri amekwenda zake. Mkuu mpya huanza kazi kwa kufungua daftari alilolikuta.

Nimalizie kwa jambo linalowatatiza watu wa shamba kuliko yote. Mzee alikuwa na bunduki ya kufukuzia nguruwe na kima katika mihogo, mzee amefariki. Watoto wanagawana mikarafuu na minazi, na bunduki nayo wanaitia katika hesabu. La! Mikarafuu hurithiwa, lakini ile ruhusa ilikuwa ya marehemu peke yake, na imekwisha pamoja naye. Bunduki hiyo yapasa ipelekewe polisi habari zake, na mrithi aitakaye aombe hati kwa jina lake mwenyewe. Na ikiwa mmekuta gobore juu ya dari, hata likiwa na kutu, msimpe kijana alichukue njiani mpaka kituoni, maana atakayemkuta nalo hatajua nia yake. Liacheni pale pale lilipo, mwiteni sheha, naye awaite askari waje walichukue nyumbani.