Mkono Uliopooza Usinyimwe Kazi



Nimeombwa niseme machache juu ya kiharusi. Jambo hilo ni pana, na habari za shinikizo la damu, chumvi na sigara mmekwisha kuzisikia mara nyingi, pengine kuliko mlivyopenda. Kwa hiyo leo nitasema juu ya kiungo kimoja tu ambacho kiharusi hukiacha nyuma kikisha kupita, nacho ni mkono. Mgonjwa akiweza kusimama na kutembea, hata kama anaburuta mguu, jamaa humshukuru Mungu na kutangaza kuwa amepona. Mkono unaoning'inia ubavuni hakuna anayeuulizia tena. Nami nashikilia kwamba mara nyingi mkono huo haukufa siku ile ya kiharusi. Huuawa baadaye, pole pole, nyumbani na kazini, tena na watu wanaompenda mgonjwa.

Wala hili si jambo la wachache. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifanyika uchunguzi mkubwa katika wilaya ya Hai na katika jiji la Dar es Salaam, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, ilionekana kwamba kila mwaka katika watu 100,000 wa Hai, watu wapatao 109 walipatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza. Dar es Salaam walikuwa wapatao 316. Hesabu hiyo ya Dar es Salaam ilizidi zile zilizopatikana katika uchunguzi mwingi wa nchi tajiri. Miongoni mwa wagonjwa wa namna hii wamo watu ambao bado wana chaki mkononi na majalada mezani.

Mnajua kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na wa kulia huendesha wa kushoto, kwa kuwa njia za amri hupishana karibu na shingo. Lisilojulikana sana ni kwamba mkono baada ya kiharusi haukosi nguvu peke yake. Hukosa pia mpango. Tazameni mtu mzima anapoinua kikombe cha chai. Mtaalamu wa Kifaransa, Marc Jeannerod, alilichunguza tendo hili kwa makini katika miaka ya 1980, akaonyesha kwamba vidole huanza kufunguka mkono ungali njiani, hutanuka kupita kiasi cha kikombe, kisha huanza kufumba kabla ya kukigusa. Bega, kiwiko, kifundo na vidole hufanya kazi pamoja, kila kimoja kwa wakati wake, na mwenye mkono hana habari. Kiharusi huvuruga mapatano hayo. Mgonjwa akitaka kunyoosha mkono mbele, bega hupanda juu, kiwiko hukunjika, ngumi hufumba. Kadiri anavyojikaza ndivyo ngumi inavyozidi kukaza. Watu humwambia ajitahidi zaidi, kumbe jitihada ya namna hiyo ndiyo inayomfunga.

Kuna wengine ambao nguvu zipo, tena tele, ila kiharusi kimegusa ubongo mdogo wa kisogoni. Mkono wa mtu huyu hupita kikombe, hurudi, hutetemeka unapokaribia, na chai humwagika. Msiojua mtadhani amelewa. Wengine hupoteza hisia ya mahali mkono ulipo. Wakifumba macho hawawezi kusema kama umelala pajani au umeangukia kando ya kiti. Hawa wanaweza kuungua kwa maji ya moto bila kushtuka, na kwa hiyo ile desturi yetu ya kukanda kwa maji yanayochemka haiwafai hata kidogo. Tena wapo ambao, hasa ubongo wa kulia ukiumia, huusahau upande mzima wa kushoto: hula nusu ya sahani na kunyoa nusu ya uso. Mtu wa namna hii akiacha mkono wake wa kushoto ubanwe na mlango, msimwite mzembe. Na mwingine atashika kitana vizuri kabisa asijue akifanyie nini, ingawa jina lake analitaja. Mambo haya ya ajabu ndiyo yanayowafanya wengine waseme ni mapepo. Siwacheki, maana mwenye kuyaona kwa mara ya kwanza ana haki ya kustaajabu. Lakini kila moja lina mahali pake katika ubongo.

Sasa nije kwenye mauaji niliyoyataja. Mtaalamu wa Marekani, Edward Taub, alichunguza kima waliokatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja. Kazi hiyo ilizusha ugomvi mkubwa mwaka 1981 juu ya hali walimofugwa wanyama wale, na ugomvi huo ulikuwa na sababu. Hata hivyo lilipatikana jambo ambalo haifai kulitupa. Kima aliacha kuutumia mkono ule hata baada ya uwezo kurudi, kwa kuwa katika siku za mwanzo kila alipoujaribu alishindwa, na ule mzima ulimtosha. Mkono mzima ulipofungwa, akautumia ule mwingine. Yaani alikuwa amejifunza kutoutumia.

Walimu hawahitaji kuelezwa zaidi. Mtoto aliyechekwa mara tatu alipoinua kidole darasani hainui tena, hata siku anayolijua jibu.

Kutokana na hayo ilianzishwa tiba ya kuufunga mkono mzima. Mgonjwa huvishwa glavu nene mkononi kwa sehemu kubwa ya saa anazokuwa macho, kwa majuma mawili, na kila siku ya kazi huufanyisha mkono mgonjwa mazoezi kwa saa nyingi. Tiba hiyo ilipimwa Marekani kwa wagonjwa 222, waliokuwa wamekwisha kumaliza miezi mitatu hadi tisa tangu kupatwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, nayo yalionyesha kwamba walioifuata walipata nafuu kubwa kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilikuwapo hata baada ya mwaka mzima. Lakini tusikimbilie kufunga mikono ya watu. Wagonjwa wale walichaguliwa kwa kuwa tayari waliweza kuinua kifundo na kunyoosha vidole kidogo. Asiyeweza hata hilo hafaidiki kwa kufungwa, huteseka tu. Na uchunguzi mwingine wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kipimo kizito cha tiba hiyo katika majuma ya mwanzo kabisa kilileta nafuu pungufu. Kuna wakati wa kuanza pole pole, na ni mtaalamu wa viungo anayeweza kuupima.

Mwaka huo huo wa 2009 ulichapishwa uchunguzi uliohesabu mwendo wa mkono katika vyumba vya mazoezi vya Marekani na Kanada. Ilipatikana kwamba katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kazi za mkono, mgonjwa alirudia tendo lenye maana mara 32 tu kwa wastani. Wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kujipanga upya hurudia mara mamia kwa siku. Hapa ndipo ninapoona kwamba sisi hatuko nyuma kama tunavyodhani. Wataalamu wa viungo ni wachache, na wengi wetu tuko mbali na Muhimbili au KCMC. Lakini nyumba gani haina mahindi ya kupukuchua, mchele wa kuchambua, maharage ya kumenya, nguo za kuanika na vibanio vyake? Ungo mmoja wa mchele una mwendo wa vidole mia na zaidi, tena wenye maana. Mama mzee akifukuzwa jikoni kwa upendo, akaambiwa, "Kaa, bibi, tutakufanyia," amenyang'anywa dawa yake. Mwacheni achambue. Itachukua saa nzima, na punje zitamwagika.

Neno moja juu ya bega. Misuli iliyolegea haiwezi kulishikilia, na uzito wa mkono hulivuta lishuke kutoka mahali pake. Anayemwinua mgonjwa kitandani kwa kumvuta mkono uliopooza, au kumkamata chini ya kwapa, anamletea maumivu yatakayomzuia kufanya mazoezi kwa miezi. Shikeni kiuno na mgongo. Akikaa, mkono ulazwe juu ya mto au juu ya meza, usining'inie.

Ndugu Mwenyekiti, naja kazini. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, kisha hupungua mwendo, lakini haikomi. Nasi ofisini tumezoea kufunga jalada la mtu katika kipindi kile kile ambacho mkono wake bado unajifunza. Karani anaambiwa apumzike, mwalimu anaondolewa ubaoni na kuketishwa chumba cha walimu bila kazi yoyote, wote wakisubiri karatasi za kustaafu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi awe na asilimia tatu ya wenye ulemavu. Ni ajabu kutafuta watu hao nje huku tukimsukuma mlangoni yule tuliye naye, ambaye kazi anaijua.

Mkuu wa shule anaweza kumpa mwalimu huyo vipindi vichache vya asubuhi, kabla uchovu haujauzidi mkono. Aandike kwa herufi kubwa ubaoni maneno mawili matatu, yaliyobaki aandike mwanafunzi. Aite mahudhurio, na alama ya vema aitie kwa mkono ule ule uliopooza, hata kama itakuwa imepinda. Darasa la watoto arobaini na watano ni alama arobaini na tano kila asubuhi.